Makomeo ya Mume Wangu

Jumatatu, 4 Machi

...na si kwamba namsifia kwa sababu ni mume wangu. (Mume wangu! Nimeandika tena na mkono haujachoka.) Hata ningekuwa mpita njia ningesimama pale karakana nimwangalie akichomelea vyuma, cheche zikimwangukia kwenye buti, kisha anavua kile kinyago chake cheusi, uso umelowa jasho, na kabla hajaitafuta chupa ya maji ananitafuta mimi kwa macho. Sasa kitu kama hicho mtu atakaa nacho kimya vipi?

Mama mkwe anasema naweza. Leo amenisikia nikimsimulia mama muuza mkaa na amenivuta pembeni. "Mwanangu, mume si redio. Huna haja ya kuusikilizisha mtaa mzima."

Nimecheka, lakini moyoni nimenuna kidogo. Mama huyu anapiga pasi nguo za watu tangu asubuhi mpaka jioni, pasi ya mkaa, na nadhani anataka sisi wote tuwe kama mashuka yake: tumenyooka, tumekunjwa, hatuna sauti.

Jumatano, 6 Machi

Mvua imeanza, na mashine ya kuchomelea haipatani na maji, kwa hiyo kazi imesimama. Mume wangu ameshinda ndani na mimi, tunasikiliza bati likipigwa. Wateja wanisamehe. Nimeomba inyeshe na kesho.

Jumamosi, 9 Machi

Leo nimeuza geti peke yangu! Yaani karibu.

Mume wangu alikwenda kununua vyuma, mama alikuwa anarudisha nguo kwa wenyewe, na wifi yangu yuko shule, mwaka wa mwisho huu, hata Jumamosi wanasoma. Nilikuwa nafagia karakana akaingia kijana mmoja, shati safi, mwavuli amekung'uta nje kabla ya kuingia. Nani anafanya hivyo siku hizi? Akasema, "Hodi shemeji, samahani kukusumbua." Anaongea polepole kama mtu anayesoma barua. Nikamkaribisha chai.

Akasema anataka geti, ila amesikia mageti mengi hapa mtaani yanavunjwa. Nikamwambia la mume wangu halivunjwi. Nikamwonyesha lile la mfano lililo ukutani. Kufuli unaloliona, nikamwambia, ni la kuonyesha watu tu. Komeo lenyewe limejificha ndani ya nguzo, pini ya chuma, na mwenye nyumba peke yake ndiye anayejua aingize kidole wapi aiinue. Kila geti lina mahali pake, hakuna mawili yanayofanana.

"Basi fundi ana daftari kubwa," akasema.

"Daftari la nini? Yote yako kichwani! Mwulize geti lolote alilotengeneza miaka hii, atakuambia bila kufumba jicho."

Akatabasamu, akamaliza chai, akasuuza kikombe mwenyewe. Akasema atarudi. Nimemsimulia mume wangu kwa furaha, akanibusu kwenye paji la uso, akasema nitamfilisi yule muuza mageti wa barabara kuu.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Nimefua, hakuna kilichokauka.

Jumatatu, 18 Machi

Jana wale vijana wa darajani walilivamia duka la nguo la upande wa pili. Mwenye duka alikuwa amekataa kuwapa ile wanayoiita ada ya ulinzi. Wamemkata usoni mbele ya wateja wake, wakachukua walichotaka, wakaondoka wakitembea. Hawakukimbia. Watu wote wanalisema hilo, kwamba hawakukimbia.

Sisi tunawalipa kama maduka mengine yote. Nilijua tangu uchumba, mume wangu hakunificha, ila aliniambia kama mtu anavyokuambia bei ya umeme. Huja mtu kila mwisho wa wiki, anapewa, anaondoka. Nikaona ni jambo la wanaume na biashara. Jana nilimwona yule mwenye duka la nguo akipandishwa gari na kitambaa chekundu usoni, kisha nikatambua kwamba kitambaa kilikuwa cheupe.

Jumanne, 19 Machi

Sijui nianze wapi.

Alikuja yule kijana wa mwavuli. Nilimwona kwanza mimi, na nikafurahi, Mungu wangu, nikaita, "Mteja wako huyo!" Mume wangu akainua kichwa, na sura yake ikabadilika. Mama alikuwa mlangoni na pasi mkononi. Akasema chini chini, bila kugeuza shingo, "Huyo ndiye Taratibu. Ingia ndani."

Nimelisikia jina hilo tangu nihamie hapa. Ndiye anayewaongoza wale wa darajani. Wanamwita hivyo kwa sababu hajawahi kuonekana akiwa na haraka, hata siku ya kumwua mtu. Sikuingia ndani.

"Shikamoo mama," akamwambia mama mkwe.

Mama akaitikia bila kumtazama. "Marahaba."

"Fundi," akasema Taratibu, akaketi kwenye kigoda kama mgeni, "nimekuletea habari njema. Kuanzia leo hatutaki senti yako. Tumekusamehe. Tunataka kichwa chako tu." Akacheka kidogo. "Usiogope, kikiwa hapo hapo juu ya mabega. Geti la duka la dawa. Geti la mwalimu mstaafu. Geti la nesi. Na mengine, tutaongea. Unatuambia kidole kinaingia wapi, basi."

"Nani kakuambia habari za kidole?" mume wangu akauliza.

"Shemeji hapa. Na chai yake tamu."

Sijawahi kuona aibu yenye uzito ule.

Mume wangu akasema wale ni wateja wake, hawezi. Taratibu akatikisa kichwa kwa huruma kabisa. "Fikiri. Mimi sina haraka. Jumamosi ya wiki ijayo nitapita." Akasimama, akafungua mwavuli, akanigeukia mimi. "Wifi yako anatoka shule saa ngapi siku hizi? Mvua hii, msimwache apite peke yake njia ya darajani."

Alipoondoka mume wangu aliniuliza swali moja tu. "Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

Akaenda akaifunika mashine kwa turubai, polepole, akafunga kila kona. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza.

Nikaanza kulia. Nilijua mama atasema sasa, na ana haki. Lakini alirudi kwenye meza yake, akainyunyizia maji shuka ya mtu, akasema, "Utalia baadaye. Njoo ushike ncha hii." Tukaivuta, tukaikunja, tukaivuta nyingine. Tumekunja mpaka kapu likajaa. Kila nilipoinua macho alikuwa ananitazama, na hakukuwa na hasira machoni mwake.

Jumatano, 20 Machi

Tumempeleka wifi shule mimi na mama, mmoja kila upande, kwa njia ndefu. Amelalamika kwamba anaonekana kama mfungwa. "Mfungwa mwenye walinzi wazuri," nikamwambia. Hakucheka. Hajaambiwa yote, lakini ana macho.

Ijumaa, 22 Machi

Mume wangu halali vizuri wala hali chakula. Nimemwuliza kwa nini tusiende polisi. Akaniambia mwenye duka la dawa alikwenda mwaka jana, na alipofika nyumbani alimkuta Taratibu amekaa barazani anamsubiri, anajua kila neno alilosema.

Jumamosi, 23 Machi

Leo wamegombana mama na mwanawe, na mimi nilikuwa katikati nikimenya viazi.

Mume wangu alisema, "Nikiwapa moja tu. La duka la dawa. Mwenyewe halali pale, ni dawa tu zitaibwa, hakuna atakayeumia."

"Halafu?" mama akasema, pasi inakwenda.

"Halafu watatuacha."

"Na wakitaka la nesi? Ana watoto wadogo mle."

"Mama, wamemtaja mdogo wangu! Unataka nifanye nini? Nilitengeneza mimi yale makomeo, ninayajua kama meno yangu. Siwezi kuyasahau!"

Mama akaisimamisha pasi juu ya chuma chake. Kisha akasema, "Wanakutaka kwa unachokijua. Basi usikijue."

"Nisikijue vipi?"

"Mimi si fundi. Fundi ni wewe."

Akaendelea na kola ya shati. Mume wangu akakaa, akashika kichwa. Baadaye nikamwona anachora kwa chaki sakafuni, anafuta, anachora tena. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne alinitafuta kwa macho. "Njoo uone," akaniambia, na nilikwenda na kisu cha viazi mkononi.

Jumapili, 24 Machi

Nitaeleza kama alivyonieleza. Anakata bamba nene la chuma na kulitoboa matundu mengi. Bamba linakaa ndani ya nguzo, na ile pini inaweza kushikwa kwenye tundu lolote kwa nati. Yeye anafunga bamba, anamkabidhi mwenye nyumba pini na spana, kisha anageuka. Mwenye nyumba anachagua tundu lake na kukaza mwenyewe. Fundi anaondoka hajui.

Mvua imeacha kunyesha asubuhi, tumetoboa mabamba hadi jioni. Mimi nilikuwa namwagia maji kwenye ncha ya keekee isiungue. Mikono yetu inanuka chuma. Nampenda kuliko siku ya harusi, na leo naandika hivyo bila kurukaruka.

Jumatano, 27 Machi

Tunazunguka nyumba kwa nyumba. Akiuliza mtu wa darajani, tunasema mvua imeleta kutu, tunapaka grisi.

Lakini mwenye nyumba lazima aambiwe ukweli, na mume wangu alitaka kusema yeye. Nilikataa. Ni mimi niliyesema maneno yale, ni mimi nitakayeyafuata. Kwa hiyo kila mlango nasimama nasema: nilijisifu mbele ya mtu nisiyemjua, sasa komeo lako si siri tena, tumekuja kulibadilisha.

Nesi alinisikiliza, akavuta pumzi, akasema, "Haya, ingieni kabla hamjalowa." Mwalimu mstaafu aliuliza maswali mengi kuhusu bamba, akasema ningekuwa mwanafunzi wake angenipa adhabu ya kufunga mdomo muhula mzima. Mama muuza mkaa hakufanya mzaha. Alipiga makofi mbele ya majirani. "Kumbe ni wewe! Nyinyi maharusi mmetuuza kwa kikombe cha chai!" Nilishika sanduku la spana nikangoja amalize. Alipomaliza alifungua geti.

Kwa bibi mmoja wa kule mwisho, mume wangu alisimama mvuani na mgongo wake kwetu, maji yanamtiririka shingoni.

"Umegeuka kweli, mjukuu wangu?" bibi akauliza, anahangaika na nati.

"Nimegeuka, bibi."

"Usichungulie. Nyinyi vijana nawajua, mnageuka kichwa na macho yanabaki."

"Bibi, nina mke. Sichungulii tena."

Ndiyo mara pekee tuliyocheka wiki hii.

Ijumaa, 29 Machi

Tumemaliza la mwisho, la duka la dawa. Kesho ni Jumamosi.

Jumamosi, 30 Machi

Alikuja na wenzake wawili. Wifi tulimficha kwa nesi. Mama alikataa kwenda kokote, akaweka meza yake mlangoni kabisa na kupiga pasi.

"Umefikiri?" Taratibu akauliza.

"Siyajui," mume wangu akasema.

"Hujui nini?"

"Mageti. Nimebadilisha makomeo yote. Wenyewe wameyafunga, mimi sikuangalia. Ukinichinja hapa sina cha kukuambia."

Nilimwona Taratibu akifikiri. Sijui niliwezaje kumwona mtu yule mwenye adabu. Uso ule ule, shati safi vile vile, lakini hakuna mtu ndani. Akasema, "Twende ukanionyeshe hujui."

Wakamchukua. Nilitaka kuwafuata, mama akanishika mkono kwa mkono wake wenye joto la pasi, akanishika hasa. "Ukienda, watakutumia wewe." Nikabaki. Mvua ilikuwa inanyesha na karakana ilikuwa na giza kama jioni.

Yaliyotokea ameniambia baadaye, kidogo kidogo. Walimpeleka kwenye geti la mwalimu mstaafu wakamwambia afungue. Aliingiza kidole pale pa zamani, hapakuwa na kitu. Akajaribu kwingine. Mwalimu alikuwa ndani nyuma ya pazia, anamwona, na hakufungua, na mume wangu anasema alikuwa anamwomba Mungu asifungue. Walimpeleka kwa nesi pia. Hivyo hivyo. Nyuma ya mlango ule, mdogo wake alikuwa chini ya kitanda, anasikia sauti ya kaka yake.

Basi Taratibu akamwambia, "Kweli hujui." Akaomba nyundo kutoka kwa mmoja wa wenzake. Wakauweka mkono wake wa kulia juu ya ngazi ya jiwe.

Alirudi kwa miguu yake mwenyewe. Mkono alikuwa ameufunga kwa shati. Alitufikia mlangoni, akatutazama mama na mimi kama mtu aliyechelewa kwa chakula, akasema, "Wamesema fundi asiyejua hawana haja naye hapa. Nihame." Kisha akaketi chini pale pale mlangoni.

Jumanne, 2 Aprili

Wamemwekea plasta hospitali. Vidole viwili daktari hana uhakika navyo. Anakunywa supu kwa mkono wa kushoto na kumwaga nusu. Nikitaka kumlisha anasema, "Niache nijifunze," kisha ananiacha nimlishe.

Nimemwuliza kama ananichukia. Akasema, "Siku ile Taratibu aliposema umemwambia, nilikasirika hadi nikaogopa. Ndiyo maana nilikwenda kufunga turubai." Akaisogeza supu pembeni. "Imepita. Lakini usiniulize kila siku."

Nashukuru amenijibu ukweli. Sitauliza tena.

Alhamisi, 4 Aprili

Mama muuza mkaa ameleta gunia la mkaa wa pasi ya mama. Ameliweka mlangoni, hakunisalimia, akaondoka.

Ijumaa, 5 Aprili

Tumekubaliana. Mume wangu anakwenda kwa mjomba wake mji wa mbali, na wifi anakwenda naye. Mwalimu mstaafu amemwandikia barua ya kumpokea shule ya kule. Wifi analia kwa ajili ya rafiki zake, halafu anapanga vitabu, halafu analia tena.

Mama haendi. Anasema nyumba hii ikibaki tupu wiki moja, vijana wa darajani watahamia ndani, na karakana ya mwanawe itakuwa kijiwe chao, geti la nesi likiwa pale pale mbele yao. "Nikiwa mlangoni na pasi yangu watajua ina mwenyewe," alisema. Mume wangu alimbembeleza, akapandisha sauti, akashusha. Mama alikuwa anakunja mashuka.

Mimi nilikuwa nimeshafungasha. Nguo zangu zilikuwa kwenye sanduku moja na zake. Nimekaa kitandani nikazitazama, gauni langu na shati lake zimelaliana, na nikaanza kuzitoa zangu moja moja.

Amenikuta nikifanya hivyo. Alikaa karibu yangu akaweka ule mkono mzito wa plasta mapajani mwangu, tukakaa.

Jumatatu, 8 Aprili

Wameondoka asubuhi. Sikulia kituoni. Nililia njiani.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua. Mama ananifundisha kunyoosha kola. Nimeunguza moja.

Ijumaa, 12 Aprili

Taratibu amepita. Alisimama ng'ambo ya barabara, mwavuli juu. Mama alikuwa mlangoni. Mimi nilitoka nikasimama karibu naye na kapu la nguo. Nesi akatoka kwake akasimama. Mama muuza mkaa akasimama. Mwalimu akatoka na gazeti, akajifanya anasoma mvuani. Taratibu alitutazama mmoja mmoja, kwa zamu, na sitadanganya kwamba aliogopa. Aliondoka kwa mwendo wake ule ule. Atarudi, na sisi tutakuwepo, ndicho ninachokijua.

Mama aliniambia, "Umetetemeka."

"Nawe pia, mama."

"Mimi ni uzee," akasema, na nikaona midomo yake inazuia kicheko.

Jumapili, 14 Aprili

Leo naandika kama nakuambia wewe, mume wangu, maana nyumba ni kimya na nimezoea kukuambia kila kitu.

Mjomba amepiga simu kwa nesi: mmefika salama, mdogo wako ameanza shule na ameshapata rafiki mwenye kelele kuliko mimi. Plasta itatolewa wiki ya mwisho ya mwezi huu. Nimesikia hiyo habari nikiwa na pasi mkononi na nikailaza juu ya shati la mwalimu, bahati mama aliwahi.

Nataka kuwepo wakati daktari anaikata. Nataka kuona vidole vyako vikitoka, vinavyokunjika na visivyokunjika, na nivishike vyote. Nimemwambia mama. Amesema nesi na mama muuza mkaa watakaa naye kwa zamu siku nitakazokuwa huko, wameshapanga, hata hawakuniuliza.

Mkaa unaisha mwezi ujao, mvua nazo wanasema zitaisha, na mimi nitarudi hapa mlangoni, maana mama hatakaa peke yake nikiwa hai. Lakini kwanza nitakuja. Usitoke kwenda kliniki bila mimi, nisubiri. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa nimefika.